Mgongo wa Mzee Taratibu

Mimi ni fundi wa magodoro, na baba yangu mzazi hataki kulala juu ya godoro. Cheka tu, usiogope, mtaa mzima umeshacheka. Wateja wanatoka mbali kuja kwangu, wananiambia migongo yao imepona, wananiombea dua, halafu wakifika kibarazani wanamwona mzee kalala kwenye bembea ya turubai iliyofungwa nguzo hadi nguzo, kichwa juu, miguu juu, katikati kazama. Wananitazama mimi. Wanamtazama yeye. Nitasema nini? Nasema karibuni ndani tupime.

Miaka thelathini na moja baba aliendesha lori la mizigo. Walimwita Mzee Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, si kwa lori wala kwa miguu. Usiku ukimkuta njiani alifunga bembea yake chini ya tela, kamba moja mbele, nyingine nyuma, akalala humo, mwizi wa mizigo akija amkute. Nyumbani alikuja siku mbili tatu, akalala kitandani na mama kama mgeni, ya nne yuko barabarani. Mama alipofariki, naye ameshastaafu, nikamleta kwangu. Nikamtandikia godoro ambalo hata waziri hajalilalia. Usiku wa kwanza nikamkuta amekaa kitako gizani. Ananiambia kitanda hakiendi popote. Usiku wa pili hivyo hivyo. Akilala chali kifua kinambana na kikohozi kinamkaba, akiinuka usingizi unapaa. Usiku wa tatu akatoa bembea yake kwenye begi, akaifunga kibarazani, akalala fofofo mpaka jua likamchoma usoni.

Tungeishi hivyo raha mustarehe kama si baridi.

Mji wetu uko juu, na msimu wa baridi ukiingia, upepo unateremka mlimani unapita kibarazani kwangu kana kwamba una funguo. Mwezi uliopita baba alishikwa na homa ya mapafu. Siku tisa hospitali. Nilikuwa nakwenda asubuhi, narudi mchana kazini, nakwenda tena jioni, na katikati ya hayo nikajifanya msafi, nikakisafisha kibaraza chote, nikachoma kila takataka ya mzee niliyoiona: makopo, matambara, kamba mbovu, gunia moja chafu linalonuka ukungu. Alipotoka, daktari alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mama, safari hii tumemrudisha. Akipigwa na baridi tena, sina cha kukuahidi."

Kaka yangu alikuwepo. Huyu tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tai. Hata msibani alikuja na tai. Anaishi jiji jingine, ghorofa ya tatu, kuta za zege ambazo hata msumari wa picha haziupokei. Baba aliwahi kukaa kule wiki tatu. Alikesha kwenye kochi siku zote ishirini na moja, akarudi kwangu shingo imekuwa nyembamba, suruali ameifunga kwa kamba. Sasa Mheshimiwa akakata kauli: kama mzee ataendelea kulala nje na kulalamika baridi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja kumchukua. Na alikuwa na haki. Lakini nilijua kitu kimoja ambacho yeye hakijui au hataki kukijua: baba akipandishwa zile ngazi, atashushwa amebebwa.

Basi nikaingia vitani na baridi.

Kwanza nilijaribu kumhamishia ndani. Nikapigilia ndoano mbili ukutani chumbani kwake, nikaning'iniza bembea, nikamwambia baba panda. Bahati nzuri nilipanda mimi kwanza. Ndoano ilitoka na kipande cha ukuta ukubwa wa kichwa cha mtu, nikadondokea kiuno. Zege la nguvu katika nyumba yangu liko kwenye nguzo za kibaraza tu. Nikaweka jiko la mkaa chini ya bembea. Moshi ukamwingia, akakohoa mpaka machozi, jirani akapiga hodi kuuliza kama kuna msiba. Nikatundika maturubai pande zote za kibaraza, upepo ukapungua lakini baridi haikupungua. Nikamfunika blanketi moja, mbili, tatu. Kifuani anatoka jasho. Mgongoni, pale turubai linapomgusa na chini yake hakuna kitu ila hewa, unapitisha mkono unakuta baridi kama ya chupa iliyotoka kwenye friji.

Nikajiambia, wewe si fundi wa magodoro? Chini kukiwa na baridi, unaweka kitu chini!

Nikamshonea godoro jembamba la pamba la kutandika ndani ya bembea. Likamkunjia pande zote, akawa kama punje ya maharage kwenye ganda lake, haonekani hata pua. Akasema ni zuri. Nikamshonea la pili, la sufi, nene vidole vinne. Bembea ikajaa ikawa mviringo, mzee akapanda tu, ikajipindua. Nilimdaka kwapani. Akasema hili nalo ni zuri, ila lina haraka kidogo. La tatu, la sufi vilevile, nilikesha nalo. Nililikata kwa kufuata umbo, jembamba miguuni, pana mabegani, pembeni nikaliwekea mabawa, vifundo nimepiga kwa uzi wa nta. Kwa kweli nilijiona. Baba akaligusa, akaligeuza, akanitazama usoni akasema, "Mwanangu, una mikono wewe."

Usiku uleule, saa nane, nikasikia dirishani sauti ileile ya kila usiku tangu atoke hospitali.

"Mama. Mgongo."

Anapenda kuniita mama. Nilitaka kupiga kelele. Niliinuka, nikachemsha maji, nikajaza ile chupa ya mpira ya kukandia, nikaifunga taulo, nikatoka na khanga mbili mabegani. Nikapitisha mkono chini ya godoro langu maarufu. Baridi! Sufi yote, vidole vinne vya sufi, imelaliwa ikawa bapa kama kadibodi. Nikamgeuza ubavu, nikamsugua mgongo kwa mafuta, nikamwekea chupa, nikavuta kiti nikakaa, maana ukimwacha mapema chupa inateleza.

Na yeye akianza kuongea hanyamazi. Mchana mzima baba hasemi maneno kumi, lakini usiku, mkono wangu ukiwa mgongoni mwake, anafunguka. Ananisimulia madaraja. Anayajua madaraja yote kwa jina, mengine ameyapa majina yeye mwenyewe. Usiku ule alinisimulia jinsi mama, mimi nikiwa tumboni, alivyojificha nyuma ya kiti cha lori kwa sababu amechoka kuachwa, akajitokeza wakiwa wameshapita mji wa tatu, akadai chai. Sikuwahi kuisikia hiyo. Nilicheka na macho yamefumba. Nikasinzia nimekaa, nikaamka saa kumi na moja na shingo imepinda, na kiwandani nina magodoro sitini ya bweni la shule yanayotakiwa mwisho wa mwezi.

Kiwanda nakiita kwa heshima tu. Ni banda la mabati nyuma ya nyumba, lina marobota ya pamba, meza moja ndefu na cherehani mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya dada mmoja ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili, watu wote wanamwita Dada Cherehani, na nadhani mdomo wake nao una mota. Jumatano ile, siku tatu kabla Mheshimiwa hajaja, alinyamaza ghafla katikati ya maneno. Nikajua kuna jambo.

"Bosi," akasema, "hebu inua mkono wa kulia."

Nikainua. Godoro likainuka nalo. Nilikuwa nimeushona mkono wa gauni langu kwenye godoro la shule, mshono mzuri tu, umenyooka. Dada Cherehani akalala chini kwa kucheka. Mimi nikalia. Nililia kama mtoto, na mkasi mkononi, huku naufumua mshono.

"Nimekoma," nikamwambia. "Nimeshindwa na mgongo wa mtu mmoja. Jumamosi kaka anakuja, ataniuliza mzee hana baridi? Nitamdanganya? Usiku atamsikia mwenyewe. Atamchukua, na akimchukua nitazika."

"Usiseme hivyo."

"Ndiyo hivyo!"

Akaniokotea uzi. Alipoona nimetulia akasema, "Lakini wewe nawe, huyo mzee amelala chini ya malori miaka thelathini. Kwenye ile barabara ya juu, ambako wanasema asubuhi vioo vinaganda. Mbona hakufa? Alikuwa anajifunika nini huko?"

Nikamtazama. Jamani, mtu unaweza kuwa mjinga hadharani, tena kwa muda mrefu. Sikuwahi kulifuatilia. Baba nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, "Zamani tulikuwa vijana, damu ilikuwa inachemka," nami nikaridhika.

Utingo wake wa kwenye lori yuko hai. Anaitwa Breki, na sasa anaziba pancha karibu na kituo cha mafuta, ng'ambo ya soko. Nilikwenda na nguo za kazi, pamba kichwani, sikujali. Nilimkuta amepiga magoti juu ya tairi la basi, analibandua kwa chuma.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, binti wa Taratibu! Mzee hajambo?"

"Hajambo kidogo." Nikamweleza yote, kuanzia mapafu mpaka godoro la tatu. Nilipofika kwenye mabawa, nikaona mabega yake yanatikisika. Nilipofika kwenye sufi vidole vinne akaacha chuma, akakaa juu ya tairi, akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi.

"Unanicheka?"

"Sikucheki wewe, mwanangu. Gunia lake liko wapi?"

"Gunia gani?"

"La nyasi! Hawezi kuwa amelitupa, lile amelala nalo kuliko mama yako, Mungu amrehemu." Akainuka, akanionyesha kwa mikono. "Hii ndiyo bembea. Sasa gunia unalichana, unalijaza nyasi kavu, unalifunga chini ya bembea. Chini, kwa nje! Linaning'inia na kamba zake lenyewe, linausindikiza mgongo tu, halibanwi. Ukililalia limekufa. Nyasi zikibaki zimevimba, joto la mwili linakaa humo, halina pa kutokea. Tumelala hivyo mvua ya mawe inapiga. Asubuhi mzee anatoka anavuja jasho."

"Nani aliwafundisha?"

"Nani tena? Yeye! Barabara nzima ile, kila dereva unayemwona na gunia chini ya bembea, mwalimu ni baba yako."

Nilisimama pale, mabasi yanapita, nimekodoa macho. Kwanza lilinijia gunia. Lile chafu, la ukungu, lililokuwa limening'inia chini ya bembea nami nikadhani ni stoo ya takataka zake. Nililichoma kwa mikono yangu. Tena nilifurahi lilivyoshika moto haraka. Na ile habari ya kutolibana, ndiyo ninayowaambia wateja kila siku: godoro likishalaliwa miaka, lifungue, pamba ichambuliwe ivimbe tena, vinginevyo unalala juu ya mbao. Nimeisema mara elfu, na kwa baba yangu nikawa naongeza tu vya kulalia.

Halafu likanijia la pili, na hilo ndilo lililonipandisha damu. Alikuwa anajua.

Kutoka sokoni mpaka nyumbani ni mwendo wa robo saa. Mimi nilitumia dakika tano, na njia nzima naongea peke yangu. Watu wakanipisha. Anajua! Ameniona nikishona la kwanza, la pili, la tatu, ananisifu mikono! Ananiamsha saa nane za usiku, mgongo, mgongo, na dawa anayo kichwani! Daktari amesema baridi itamuua, na yeye anacheza na baridi!

Nilimkuta ameketi kwenye bembea miguu chini, amefungua redio, betri ziko juu ya paja. Hata salamu sikutoa.

"Baba. Gunia."

Bisibisi ikasimama mkononi. Hakuinua uso.

"Umekwenda kwa Breki," akasema.

"Nimekwenda kwa Breki! Nimechekwa mbele ya abiria! Baba, kwa nini hukuniambia? Neno moja tu! 'Mwanangu, umechoma gunia langu, nishonee jingine.' Ingekushinda nini? Unataka kufa? Kama unataka kufa niambie, nisijisumbue kuchemsha maji!"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi!"

Akakusanya betri taratibu, moja moja, akaziweka mfuko wa shati. Mimi nimeshika kiuno, nahema.

"Lile gunia lilikuwa limelowa," akasema. "Ndilo lililonitia homa. Mvua ililipiga, nikawa mvivu kulianika, nikalala juu ya maji siku tatu. Kosa langu. Nimetoka hospitali nikaona halipo. Nikasema vizuri, kesho nitamwambia anitafutie jingine. Usiku ule nikashikwa na baridi kweli. Nikakuita. Ukaja."

"Nikaja, ndiyo. Kwa hiyo?"

"Ukakaa."

Sikumwelewa. Nilikuwa bado nina hasira, na mtu mwenye hasira hasikii vizuri.

"Nina miezi kumi na minne hapa kwako," akasema. "Sijalalamika, unanitunza, nakula vizuri, nguo zangu safi. Lakini wewe mtu wa mbio. Unaniwekea sahani unaondoka. Unaniuliza 'Baba umeamkaje' uko mlangoni, jibu naupa mlango. Nakusikia huko bandani mnacheka, nasema kazi ni kazi, mimi mwenyewe nimewaacheni miaka yote kwa ajili ya kazi, nina mdomo gani? Sasa usiku ule umekaa mpaka alfajiri. Umeniuliza daraja la mbao liko wapi. Hujawahi kuniuliza kitu hata siku moja."

"Nilikuwa nakuzuia usilale, ushike chupa."

"Najua. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake nikasema kesho tena." Akainua uso sasa. Macho yake yamezama, yana mawingu pembeni. "Nilikuwa napima. Dereva anajua mafuta yaliyobaki."

"Hujui! Hujui chochote!" Nilipiga nguzo kwa kofi mpaka kiganja kikawaka. "Ungepima vibaya usiku mmoja tu, mimi ningekukuta asubuhi! Mimi! Umefikiria hilo?"

Akatia mkono mfukoni, akazihesabu betri kwa vidole. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa, vyote kwa mpigo, sikufanya hata kimoja. Nilirudi bandani. Nikamwambia Dada Cherehani asinisemeshe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatii.

Gunia la nyasi? Mimi? Alhamisi nililiweka pembeni bweni zima la shule. Nilichukua kitambaa chepesi, chepesi kabisa, nikakishona vyumba vyumba, kila chumba nikatia sufi kwa vidole, nyepesi, bila kushindilia, mpaka nikikitupa hewani kinachelewa kushuka. Pembeni nikapitisha kamba, miguuni na kichwani nikatia mpira wa kuvuta ili lining'inie lenyewe. Chini kabisa nikashonea turubai jembamba la kuzuia mvua, maana historia ninayo. Kila mshono niliupiga kwa hasira. Ijumaa magharibi nililifunga chini ya bembea, nikachuchumaa nikachungulia, nikalegeza, nikakaza, nikalegeza tena. Kati ya bembea na sufi mkono unapita kwa shida. Baba alisimama pembeni amekunja mikono, akanielekeza mara moja tu.

"Kichwani vuta kidogo. Hewa inaingilia mabegani."

Nikavuta.

Nilimfunika blanketi moja. Nikaenda kitandani kwangu nikisema leo nitasubiri, saa nane ikifika nitakwenda kuhakikisha. Sikusikia hata saa tano. Uchovu wa wiki nne ulinishika pale pale na viatu. Nilipofumbua macho jua liko dirishani, na mlangoni kuna mtu anagonga kwa funguo za gari.

Mheshimiwa. Tai ya michirizi. Saa mbili asubuhi!

"Nimetoka usiku nikwepe foleni," akasema. "Begi lake liko tayari?"

Nilimpita mbio bila kumjibu, peku moja, kiatu kimoja, roho mkononi. Sikumkagua baba usiku kucha. Kama sufi imeteleza? Kama kamba imefunguka?

Baba alikuwa amelala na macho wazi, anatazama paa. Mashavu yana rangi. Kifua kinapanda na kushuka bila kulia filimbi kama siku zote. Nikapitisha mkono chini ya mgongo wake nikaukuta una joto, joto la mkate, mpaka vidole vyangu vyenyewe vikaona aibu kwa ubaridi wao. Nikamvuta kaka mkono nikauingiza pale pale.

"Loo," akasema Mheshimiwa. Akautoa, akautazama, akaurudisha tena. Akachuchumaa na suruali yake ya pasi, akachungulia kule chini. "Hiki umekishona wewe?"

"Nimekishona mimi."

Akaizunguka bembea nzima, akabonyeza hapa, akavuta pale. Kaka yangu ana makosa mengi lakini si mwongo. Akainama kwa baba.

"Baba, sema kweli, usimfichie. Usiku umesikia baridi?"

Baba angeweza kusema neno lolote. Kama ana kinyongo na mimi kwa zile kelele, kama anaona bora kochi la ghorofani ambako angalau wajukuu wanapita sebuleni, ulikuwa ndio wakati wake.

"Hata kidogo," akasema.

"Hukuamka kabisa?"

"Niliamka." Hakunitazama. "Niliamka saa nane. Mgongo ulikuwa na joto tele. Ila usiku ulikuwa mrefu."

Mheshimiwa akacheka, akasema uzee huo, hata yeye siku hizi anaamka. Akanywa chai, akalegeza tai, akanigonga begani akasema basi mzee abaki, lakini ataleta daktari wake mwezi ujao. Saa sita akaondoka. Nilimpungia mkono mpaka gari likakata kona, na badala ya kufurahi nilibaki getini nimeduwaa. Nilikuwa nimeshinda. Baba anabaki, kifua kimetulia, hatakufa kwa baridi. Lakini ile sentensi yake, kwamba usiku ulikuwa mrefu, niliingia nayo ndani.

Mchana nilijaribu. Nilimpelekea sahani nikakaa. Tukaangaliana. Nikamuuliza redio imepona, akasema imepona. Dada Cherehani akaniita kuhusu uzi, nikainuka. Jioni vilevile. Mchana hatujui la kuambiana, mimi na baba yangu, hatukufundishana.

Usiku nililala nikiwa macho. Niligeuka kulia, nikageuka kushoto. Godoro langu mwenyewe lilinichosha. Saa sita ikapita, saa saba. Nilikuwa nasikiliza dirishani. Saa nane ikafika, nikasubiri. Hakuita. Bila shaka hakuita, ataita kwa sababu gani? Nilikuwa nimemshonea sababu yake ikaisha.

Nikatoka bila khanga, bila chupa. Kibarazani upepo ulikuwa ule ule, bembea ilikuwa inakwenda kidogo kidogo. Nikamgusa mgongo kwa chini, una joto. Amefumba macho, na anapumua kama mtu aliyelala, lakini mimi nimeisikiliza pumzi hiyo mwezi mzima, hainidanganyi.

"Baba," nikamwambia.

"Mm."

"Leo mimi ndiye nasikia baridi."

Hakufumbua macho. Alivuta miguu taratibu, akanipisha pa kukaa.